Ngitili na Umri wa Udongo

Katika gramu moja ya udongo wa juu, kiasi kidogo kinachoweza kukaa kwenye ukucha wa kidole gumba, huishi bakteria wanaoweza kufikia bilioni moja, pamoja na nyuzi za kuvu zilizo nyembamba kuliko unywele na umati wa viumbe wengine ambao jicho haliwezi kuwaona bila hadubini. Viumbe hawa, watakaoitwa vijiumbe katika makala haya, ndio wanaoozesha majani na mizizi iliyokufa, wanaoiachilia nitrojeni na fosforasi iliyofungwa ndani yake irudi kuwa chakula cha mimea, na wanaozigandisha chembe za udongo kwa ute wao hata mvua isizisombe kwa urahisi. Kwa kuwa chakula chao hutoka kwenye mimea, ni jambo la kutarajiwa kwamba jamii yao hubadilika kadiri miti iliyo juu yao inavyoongeza miaka. Lakini hubadilika vipi, kwa kasi gani, na je, udongo ulio chini ya mti mkongwe daima ni bora kuliko ulio chini ya mche? Maswali haya yameulizwa sana katika bustani za matunda za China na Ulaya, ambako mashamba ya tufaha na ya machungwa yenye umri tofauti hulinganishwa. Mkoa wa Simiyu si nchi ya matufaha, ila una kitu kinachoweza kuyajibu maswali hayo vizuri zaidi, nacho ni ngitili.

Ngitili ni neno la Kisukuma linalotaja eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza, ili malisho yakue bila kuguswa, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokaza, ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia wakipewa nafasi ya kwanza. Nyingine ni za familia, zenye hekta chache tu karibu na makazi, na nyingine ni za kijiji kizima, zenye makumi au mamia ya hekta. Kanuni zake kwa desturi huamuliwa katika dagashida, yaani mkutano wa kimila wa wanakijiji, na wanaozisimamia ni sungusungu. Lengo la ngitili halikuwa udongo hata kidogo, lilikuwa ng'ombe. Hata hivyo, mahali palipofungwa kwa ajili ya ng'ombe pamepata miti, na miti imeleta mengine yote yanayosimuliwa hapa.

Umri wa ngitili zilizopo leo una historia yake. Kuanzia miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza uliviona vichaka vya Usukuma kuwa maficho ya mbung'o, na chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o akiwa Shinyanga, maeneo makubwa yalifyekwa. Baadaye pamba na ongezeko la mifugo vikaendeleza kazi ambayo mashoka yalikuwa yameianza. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani, na ngitili nyingi za familia zikabaki bila mwenyewe wa kuzilinda. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulizijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway. Na baada ya majaribio ya kupanda miche kutoka vitaluni kuonekana ya gharama na yenye matunda haba, mradi uliigeukia desturi ambayo wenyeji walikuwa nayo tangu zamani. Hesabu za mradi zilionyesha kiasi cha hekta 600 tu za ngitili mwaka ulipoanza, na zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, muda mfupi kabla mradi haujafungwa mwaka 2004. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao yake makuu, ulirithi sehemu kubwa ya nchi hiyo iliyofufuka.

Kwa mtaalamu wa udongo, matokeo ya historia hiyo ni kwamba katika kata moja huweza kupatikana shamba la pamba ambalo halijawahi kupumzishwa, ngitili iliyofungwa miaka michache iliyopita, nyingine iliyofungwa enzi za HASHI, na pengine kipande cha vichaka ambacho mashoka ya Swynnerton hayakukifikia. Badala ya kukaa miaka 40 akingoja miti ikue, mtafiti huchota udongo katika maeneo hayo yote kwa wiki moja na kuyapanga kwa umri, kana kwamba ni eneo moja linalotazamwa katika nyakati mbalimbali. Njia hii hutumika dunia nzima, na ndiyo iliyo nyuma ya takriban kila utafiti unaozungumzia umri wa bustani na vijiumbe wa udongoni.

Njia hiyo ina mtego, na kinachousababisha kilielezwa katika nchi hii hii. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki haujatawanyika ovyo, bali hujipanga kutoka kilele cha kilima hadi bondeni kama pete za mnyororo, kila pete ikitegemea iliyo juu yake. Akauita mpangilio huo katena, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na jina hilo sasa limo katika vitabu vya udongo vya lugha nyingi. Wasukuma walikuwa na majina ya pete hizo kabla Milne hajafika: luseni ni udongo wa kichanga ulio chini kidogo ya mawe makubwa ya kilimani, itogolo ni udongo wa kijivu wenye tabaka gumu linalozuia maji kupenya, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni unaonata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka mianya mikubwa wakati wa kiangazi. Basi mtafiti akilinganisha ngitili changa iliyo kwenye luseni na ngitili kongwe iliyo kwenye mbuga, atakachokipima si umri bali mteremko. Mfinyanzi wa mbuga huyakumbatia mabaki ya mimea na vijiumbe wenyewe, ukawakinga na ukavu na wanaowala, ilhali mchanga wa luseni hupoteza kila kitu upesi; kwa hiyo miaka 10 ya mapumziko katika luseni haiwezi kuhesabiwa sawa na miaka 10 katika mbuga, na jedwali lolote linaloiweka katika safu moja linafaa kusomwa kwa tahadhari.

Mtego huo ukiepukwa, mwendo wa mabadiliko huwa na sura inayofanana mahali pengi. Shamba linapoachwa bila kulimwa, wanaotawala mwanzoni ni bakteria wepesi, wanaozaana haraka wakipata chakula laini na kupungua haraka chakula kikiisha. Udongo uliokuwa ukigeuzwa na plau kila msimu huwafaa, kwa sababu kila mgeuzo huvunja mabonge na kufunua mboji iliyokuwa imefichika ndani yake. Kuvu kwa upande wao hawapendi kusumbuliwa, kwani mwili wao ni mtandao wa nyuzi ndefu, na plau inapopita huukata vipande. Baada ya misimu kadhaa ya utulivu mtandao huo hurefuka, majani magumu na vijiti ambavyo bakteria wengi hawaviwezi huanza kuozeshwa, na uwiano kati ya kuvu na bakteria huelekea upande wa kuvu. Kaboni, ambayo ndiyo kiini cha mboji na chakula kikuu cha vijiumbe, hupanda polepole zaidi. Na baada ya miaka kadhaa kupanda huko hupoa, kwa kuwa kinacholiwa kinakaribia kulingana na kinachoanguka.

Migunga, ambayo ndiyo miti inayotangulia kuota katika ngitili nyingi, ina washirika wake maalumu. Wa kwanza ni rizobia, bakteria wanaoingia kwenye mizizi na kujengewa vinundu vidogo, ambamo huichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti, huku mti ukiwalipa kwa sukari. Anayetaka kuwaona kazini hahitaji maabara: wakati wa mvua afukue taratibu mizizi midogo ya mche wa mgunga, atafute kinundu na kukipasua kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani kama nyama changa, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe hawajaanza, na kikiwa cha kijani au kahawia wamekwisha kuchoka. Wekundu huo hutokana na protini inayofanana na ile ya damu ya binadamu, ambayo kazi yake ni kudhibiti oksijeni isiiharibu mitambo ya bakteria. Kwa kawaida vinundu huwa vingi kwenye miti michanga iliyo katika udongo fukara. Kadiri miaka inavyopita na nitrojeni inavyojaa udongoni kutokana na majani yanayoanguka, mti hupunguza gharama hiyo, na mgunga mzee huweza kuwa na vinundu vichache kuliko mwanawe aliye hatua chache kando yake. Hapa umri hauongezi, bali unapunguza, na ni upungufu wa shibe.

Washirika wa pili ni kuvu wa mikoriza, neno linaloundwa na maneno ya Kigiriki ya kuvu na mzizi, na maana yake ni ushirika wa viwili hivyo. Kuvu hao huingia ndani ya mizizi na kunyoosha nyuzi zao nje, mbali kuliko mzizi unavyoweza kufika, wakiuletea mti fosforasi na maji. Mimea mingi ya nchi kavu inao, ikiwemo mahindi, mtama, pamba na mwembe. Jambo hili ni la maana Simiyu, kwa kuwa nyuzi hizo hazimtambui mwenye shamba: mizizi ya miti iliyo mpakani mwa ngitili huweza kuhifadhi mikoriza katika kiangazi chote, na shamba la jirani likapata mbegu yake mvua zinaporudi.

Kiangazi chenyewe kinastahili kupewa nafasi yake, maana tafiti nyingi za bustani zimefanywa mahali ambapo mvua au umwagiliaji haukatiki, ilhali Bariadi hukaa miezi karibu mitano ikiwa kavu. Vijiumbe wengi hufa. Wengine hujifungia katika hali ya kulala. Mvua ya kwanza inapoigusa ardhi, vijiumbe waliosalia huamka kwa ghafla, huwala waliokufa pamoja na mboji iliyolegezwa na ukavu, na kwa siku chache udongo hupumua hewa ya kaboni na kuachilia nitrojeni kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Aliyeichunguza hali hiyo kwa kina ni H. F. Birch, mtafiti wa kituo cha Muguga karibu na Nairobi, katika kazi zake za miaka ya 1950, na wanasayansi hadi leo huiita kwa jina lake. Mkulima wa Itilima mkoani Simiyu anayepanda mara tu mvua za kwanza zinaponyesha anaivuna nitrojeni hiyo kabla haijasombwa chini, na huenda desturi ya kuwahi kupanda inafahamu jambo hili kwa njia yake. Harufu tamu inayopanda wakati huo nayo ni ya vijiumbe: hutoka kwa aina ya bakteria wanaoota nyuzi kama kuvu, ambao hustahimili ukavu kuliko wenzao. Chini ya miti ya miaka mingi, ambako mboji imejaa na kivuli kinapunguza makali ya jua, kishindo cha mvua ya kwanza huwa na chakula zaidi cha kufanyia kazi.

Si kila jani linaloanguka katika ngitili huwafikia vijiumbe wa udongo wa juu. Mchwa hutangulia. Wale wanaojenga vichuguu vikubwa hukata majani na vijiti, huvibeba hadi ndani, na humo hupanda kuvu wao wenyewe, ambao humeng'enya chakula ambacho mchwa peke yao wasingeweza. Uyoga mkubwa unaochomoza juu ya vichuguu baada ya mvua, unaopendwa mezani, ni zao la bustani hizo za gizani. Kwa hiyo rutuba ya ngitili kongwe haitandazwi sawasawa kama shuka. Hukusanyika penye vichuguu na chini ya matawi ya miti, na kati yake huachwa vipara, kiasi kwamba kiganja cha udongo kilichochotwa hatua tano kutoka kwa kingine kinaweza kutoa habari tofauti kabisa.

Mpaka hapa yaweza kuonekana kwamba miaka huleta heri tu, na ndivyo baadhi ya maandishi ya uhifadhi yanavyopenda kueleza. Mwembe wa uani unapinga. Karibu kila mji wa Usukuma una mwembe mkubwa, pengine uliopandwa na babu, ambao chini yake watu huketi, watoto hucheza na mbuzi hufungwa. Na kila asubuhi majani yake hufagiwa mpaka ardhi ing'ae, yakarundikwa kando na kuchomwa moto. Mti huo una miaka 40 au 50, lakini udongo wake haujapewa jani hata moja katika miaka yote hiyo, na umeshindiliwa na nyayo hadi maji hayapenyi. Kwa hesabu ya vijiumbe mwembe huo ni mchanga kuliko ngitili ya miaka 10. Mwarobaini nao una tabia yake: majani na mbegu zake zina kemikali zinazowazuia bakteria wanaogeuza nitrojeni kutoka umbo moja kwenda jingine, kiasi kwamba mashudu yake hutumika kupunguza kasi ya mbolea za viwandani kupotea, basi umri uleule chini ya mti mwingine huzaa jamii nyingine.

Kahawa inatoa ushahidi mzito zaidi. Kwa miongo mingi wakulima wa Kenya na Kilimanjaro wamenyunyizia mibuni mrututu na dawa nyingine zenye shaba ili kupambana na magonjwa ya chule buni na kutu ya majani. Shaba haiozi. Watafiti waliolinganisha mashamba ya kahawa ya umri tofauti nchini Kenya katika miaka ya 1980 walifuatilia jinsi inavyojilimbikiza katika udongo wa juu na katika majani yaliyoanguka, na utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu Kilimanjaro ulishughulikia urithi huohuo. Shaba ikizidi huwaua kuvu wasiolengwa na kuwafukuza minyoo wa ardhini, na kwa sababu hiyo majani huchelewa kuoza. Katika bustani ya namna hiyo kila mwaka unaoongezeka ni mwaka mwingine wa sumu.

Pamba, zao lililoijenga Simiyu, haiwezi kuitwa bustani, lakini inatoa funzo la upande huohuo. Ugonjwa wa mnyauko fuzari, unaoletwa na kuvu anayeingia kwenye mizizi na kuziba mirija ya maji, ulifahamika Usukuma katika miaka ya 1950, na kituo cha Ukiriguru karibu na Mwanza kimetumia miaka mingi kuzalisha mbegu zinazoustahimili. Kuvu huyo hukaa udongoni miaka mingi akingoja mwenyeji wake, na humkuta kirahisi mahali pamba inapolimwa juu ya pamba, hasa palipo na minyoo fundo, ambao ni viumbe wadogo wanaotoboa mizizi na kumfungulia mlango. Wakulima wa tufaha wa Ulaya wana tatizo la jinsi hiyo: wakiing'oa miti mikongwe na kupanda mipya mahali palepale, miche hudumaa, kwa sababu miti ya kwanza iliwalea maadui wa ukoo wake kwa miongo kadhaa. Mti wa aina moja ukikaa mahali pamoja kwa muda mrefu hukusanya marafiki na maadui kwa pamoja. Katika ngitili, ambako migunga huchanganyika na mikwaju, vichaka na nyasi za aina nyingi, hakuna adui mmoja anayepewa karamu.

Kutokana na hayo yote, umri unaofaa kuandikwa kwenye jedwali si wa shina la mti. Ni idadi ya miaka ambayo majani yameachwa yalale pale yalipoanguka, plau ikakaa mbali, na sumu isimwagwe. Ngitili mbili zilizofungwa mwaka mmoja hutofautiana sana ikiwa moja hufunguliwa kwa zamu, kipande baada ya kipande, na nyingine huachiwa ng'ombe wote kwa wakati mmoja mpaka vumbi litimke. Ya pili, kwa vijiumbe, huanza upya kila Oktoba.

Kupima tofauti hizo kumekuwa rahisi kuliko zamani, ingawa si rahisi kwa mfuko wa kijiji. Maabara husoma vinasaba vinavyotolewa moja kwa moja kwenye udongo na kutambua maelfu ya aina ambazo hazijawahi kuoteshwa katika chombo chochote; njia ya zamani zaidi huwaua vijiumbe kwa mvuke wa kloroformu na kupima kaboni inayotoka kwenye miili yao. Iko njia ya tatu, ambayo kwa mkoa wa pamba ina mvuto wa pekee. Kitambaa cheupe cha pamba tupu, kisichochanganywa na nailoni, hukatwa vipande vinavyolingana na kufukiwa wima wakati wa mvua, kimoja katika shamba linalolimwa kila mwaka, kingine katika ngitili changa, kingine katika ngitili kongwe, vyote katika udongo wa aina moja. Baada ya wiki kadhaa hufukuliwa. Pamba ni selulosi, yaani kitu kilekile kinachounda sehemu kubwa ya majani makavu, na kiasi kilicholiwa ni kipimo cha njaa na wingi wa walaji. Kipande kinachotoka kizima, kikiwa kimechafuka tu, kimetoka mahali palipo na walaji wachache. Kilichotoboka matundu yenye kingo za manjano, waridi na nyeusi, ambazo ni rangi za kuvu mbalimbali, kimekutana na jamii iliyokamilika.

Kipimo hichohicho kikirudiwa mahali ambapo ngitili kongwe imegeuzwa kuwa shamba, huonyesha jambo ambalo mkulima huligundua kwa uchungu. Msimu wa kwanza baada ya kufyeka, kitambaa huliwa haraka na mahindi hustawi, kwa sababu plau imewafungulia bakteria ghala la mboji la miaka mingi; misimu michache baadaye ghala hupungua, mitandao ya kuvu imekwisha kukatwakatwa, na katika luseni hasa, kitambaa huanza kutoka kikiwa kizima.